Kadi kumi na mbili: shajara ya karakana, Lubumbashi

Jumamosi, Agosti 9

Maboksi mawili yameingia leo saa nne asubuhi na vumbi la safari nzima: Dubai, bandari ya Dar es Salaam, Tunduma, mpaka wa Kasumbalesa, hadi hapa kwetu Kamalondo. Ndani mna kadi za michoro, zile zinazotengeneza picha za skrini, kumi na mbili za mtumba, zote modeli moja, memori ya gigabaiti 12 kila moja. Kampuni iliyoziunda sitaitaja. Mteja ni mama mwenye studio ya video za harusi. Anataka kompyuta nane kabla joto la Oktoba halijaanza, na kadi zitakazobaki ziwe akiba.

Nilianza kumweleza habari za wati na udhamini, akanikatiza: "Papa, miye sijue mambo ya wati. Nataka tu video isikatike katikati ya ndoa ya bantu."

Sawa. Video isikatike katikati ya ndoa ya watu: hilo nalo ni sharti la ubora, tena liko wazi kuliko mengi niliyosoma kwenye vijitabu.

Stajeri wangu, yaani anayejifunza kazi kwangu, msichana wa politekniki hapa chuo kikuu cha Lubumbashi, amezipa kadi namba 1 hadi 12 kwa wino mweupe kwenye bamba la mgongoni. Vumbi tumelipuliza nje ya mlango. Kadi namba 8 ilikuwa na mende mkavu katikati ya mapezi ya kipoza joto. Yeye hatukumpa namba.

Jumatatu, Agosti 11

Siku nzima imepotea, kosa ni langu.

Mpango ulikuwa rahisi: kila kadi iendeshwe dakika 20 kwa mzigo kamili, yaani ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, mezani, nje ya kasha, feni zijiongoze zenyewe, kisha tuandike joto mbili. La kwanza ni joto la chipu, wastani ambao programu zote huonyesha. La pili ni joto la nukta kali, yaani pale pa moto kuliko pote ndani ya chipu hiyo hiyo. Tulianza na namba 1 saa moja asubuhi, tukamaliza na namba 12 saa tisa alasiri. Kwenye jedwali, namba 1 ilikuwa malaika na namba 12 shetani.

Stajeri akauliza, "Yaya," ndivyo hapa anavyoitwa kaka mkubwa, "asubuhi si tulivaa majaketi?"

Kweli tulivaa. Agosti hapa asubuhi chumba kilikuwa na digrii 19, na saa tisa tukiwa tumekunja mikono ya mashati kilifika 29. Nilichopima siku nzima ni jua la Lubumbashi. Tukairudia namba 12 jioni chumba kilipopoa, ikashuka digrii 9 bila mtu kuigusa.

Jedwali nimelifuta. Kuanzia kesho ni usiku tu, mlango umefungwa, chumba kikiwa kwenye 24, kompyuta ile ile, tundu lile lile, na joto la chumba linaandikwa pembeni ya kila kipimo.

Alhamisi, Agosti 14

Umeme umekatika saa kumi na mbili, bado haujarudi. Naandika kwa taa ya simu.

Jambo moja nataka kulitoa njiani kabla halijawa kisingizio. Lubumbashi iko mita 1,200 na kitu juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10, na feni inayosukuma hewa nyepesi inabeba joto pungufu kwa kila mzunguko. Kwa hiyo kadi yoyote hapa itakuwa na digrii chache juu ya zile zinazoandikwa na watu wa pwani. Lakini kimo cha mji kinazipata kadi zote kumi na mbili sawasawa. Zikitofautiana zenyewe kwa zenyewe, mlima hauna hatia.

Jumamosi, Agosti 16

Hatimaye jedwali la kuaminika. Usiku tatu, chumba 24.

Kadi 1, 4, 6, 9 na 12: chipu 70 hadi 73, nukta kali 82 hadi 86. Hizo ni nzima. Pengo la digrii 12 au 13 kati ya wastani na nukta kali ni la kawaida.

Kadi 2, 3, 7, 8 na 11: chipu 79 hadi 83, nukta kali 104 hadi 108. Pengo la 25. Zinajipunguza kasi baada ya dakika sita hivi, na feni zinalia kama nyuki waliochokozwa.

Kadi 5 iko peke yake katikati: 76 na 97.

Kadi 10 haikumaliza mtihani. Vitone vya kijani na zambarau vilijaa kwenye skrini tangu kompyuta inawaka, hata kabla kadi haijapata joto.

Angalia wastani unavyoficha mambo. Anayesoma joto la chipu peke yake ataona 72 huku na 81 kule, aseme ni tofauti ya kawaida ya mtumba. Ni ile safu ya pili iliyozigawa kadi makundi mawili, na katikati hakuna kitu isipokuwa namba 5. Uchakavu ungezitawanya ovyo ovyo. Hizi zimejipanga kama watu waliotoka vijiji viwili.

Jumapili, Agosti 17

Nimempigia simu muuzaji na kumwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilikuwa na hakika kwamba tano zile zilichimba sarafu za mtandaoni mchana na usiku kwa miaka, na yeye akazichanganya na nzima ili mzigo upite. Stajeri alikuwa upande wangu: "Banakudanganya, yaya." Muuzaji akaapa kwamba zote zilitoka kwa mtu mmoja, zilifanya kazi moja. Sikumwamini.

Jumatano, Agosti 20

Tumefungua namba 2.

Kitu cha kwanza ni kile kibandiko kidogo juu ya skrubu moja ya mgongoni, kinachopasuka ukiingiza bisibisi. Kilikuwa kizima. Nikakagua nyingine: katika zile tano mbovu, nne zina kibandiko kizima. Ni namba 8 tu iliyowahi kufunguliwa. Maana yake, kilichomo ndani ya hizo nne ndicho kilichowekwa kiwandani, na hakuna mchimba sarafu aliyetia mkono wake.

Skrubu nne zinazozunguka chipu zilifunguka bila shida. Kipoza joto kikatoka na sauti ile ya mguu ukitoka kwenye tope. Pate, ule uji unaopakwa kati ya chipu na kipoza ili joto lipite, ilikuwa imekauka, rangi ya majivu, nene. Nikaona nimepata jibu: nikasafisha kwa spiriti na mswaki hadi chipu ikang'aa kama kioo, nikapaka pate mpya, nikafunga, nikaendesha.

Nukta kali: kutoka 106 hadi 103.

Digrii tatu tu. Nimelala vibaya.

Alhamisi, Agosti 21

Leo tumefungua nzima, namba 4, tukaiweka ubavuni mwa namba 2 kama pacha. Hapo nilikosea tangu mwanzo: mgonjwa nilimfungua peke yake bila kumtazama mzima.

Kwenye namba 4 pate ni utando tu. Katikati ya chipu unaona kivuli cha uso wako, kwa sababu karibu yote imesukumwa pembeni. Kwenye namba 2, pate niliyopaka jana ilikuwa imebaki nene vile vile, kama siagi kwenye mkate wa mtoto. Kipoza joto hakikuwa kimeikandamiza. Kuna kitu kilikuwa kinakiinua.

Stajeri ndiye aliyekiona. Kuizunguka chipu kuna vipande sita vya memori, na juu ya kila kimoja kuna pedi laini ya kupeleka joto kwenye bamba la kipoza. Alikuwa anazibonyeza kwa ukucha. "Hii inaingia. Hii haiingie." Pedi za namba 4 ni za kijivu, laini kama ufizi. Za namba 2 zina rangi ya samawati iliyofifia na ni ngumu. Nikaleta kalipa, kifaa cha kupimia unene. Ukingo ambao haukubanwa: milimita 1.0 kwenye kadi nzima, 1.5 kwenye kadi mbovu.

Tukafungua 3, 7 na 11. Zote samawati, zote 1.5. Namba 8 nayo hivyo hivyo. Aliyewahi kuifungua aliona pate kavu kama mimi, akabadilisha pate kama mimi, akafunga.

Kisha yule msichana akageuza kadi zote chali na kuanza kusoma namba za mfululizo kwa sauti, mimi naandika. Zile tano zimekaa pamoja, ndani ya nafasi ya namba 340. Nzima zote ziko mbali huko chini. Siwezi kusema siku ile kiwandani kulitokea nini. Ninachoweza kusema ni kwamba kati ya namba fulani na namba fulani pedi ilibadilika, na hakuna aliyerudi kupima kama kipoza bado kinaifikia chipu.

Nimempigia simu muuzaji kumwomba radhi. Ameipokea, kisha akaniuliza kama nataka kadi nyingine nane. Ndiyo biashara.

Jumamosi, Agosti 23

Nilitaka kujua kama tofauti ya nusu milimita kwenye pedi inatosha kweli kuleta digrii 22. Hesabu ni ya shule ya sekondari. Chipu hii ina eneo la karibu milimita za mraba 276. Chukua wati 120 zinazopita humo, na pate ya kawaida inayopitisha joto kwa kipimo cha 4. Shaba, kwa kulinganisha, ni karibu 400, alumini karibu 237, na hewa iliyotulia ni 0.026, ndiyo maana tunahangaika hivi kuifukuza hewa katikati ya vyuma viwili. Kila sehemu ya kumi ya milimita ya pate inaongeza takriban digrii 11.

Sehemu ya kumi ya milimita ni unene wa karatasi moja ya daftari.

Kwa hiyo pedi ngumu zikikiinua kipoza kwa karatasi mbili tu, digrii 22 zimepatikana. Pedi ina nusu milimita ya ziada, skrubu zinaibana na kula sehemu kubwa ya hiyo ziada, zinabaki karatasi mbili. Hesabu na jedwali vimekutana mahali pamoja, na nimefurahi kuliko inavyostahili kwa mtu ambaye bado hajatengeneza hata kadi moja.

Jumapili, Agosti 24

Baada ya misa, bukari (ugali) na sombe (kisamvu), nimekaa uani na daftari. Swali linalonisumbua: kadi tano zenye nukta kali ya 106 zinapitaje mlango wa kiwanda?

Zinapita kwa sababu zinawaka. Zinatoa picha. Mtihani wa dakika mbili kwenye ukumbi wenye hewa baridi zingeufaulu. Na hata kama mtihani ni mzuri, si kila kipande kinachofanyiwa. Kuna kiwango cha kimataifa cha ukaguzi kwa sampuli, ISO 2859-1, kinachotumiwa na viwanda na wanunuzi wakubwa. Kwa shehena ya vipande 281 hadi 500, ukaguzi wa kawaida na kikomo cha ubora cha 1.0 (asilimia ya vibovu inayovumilika), unachagua vipande 50. Ukikuta kibovu kimoja, unapokea shehena yote. Ukikuta viwili, unaikataa. Sasa tuseme shehena ya 500 ina vibovu 20, yaani asilimia 4. Nimepiga hesabu mara mbili: shehena hiyo itapita karibu mara 4 katika kila 10. Hapo hakuna aliyedanganya. Mkaguzi alifanya kazi yake, karatasi ikagongwa muhuri, na kadi ishirini zikapanda meli.

Na zinapanda za makampuni makubwa pia. Julai 2008 NVIDIA ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za kompyuta za mkononi zilizokuwa zikifa kwa sababu ya malighafi dhaifu kwenye ufungaji wa chipu. Zilikuwa zikipata joto na kupoa, kupata joto na kupoa, hadi viungio vikapasuka. Mwaka 2016 EVGA iliwapa wateja wa baadhi ya kadi zake za GTX 1070 na 1080 pedi za joto bure wakaziweke wenyewe. Januari 2023 AMD ikakiri kwamba baadhi ya kadi zake za RX 7900 XTX zilikuwa na chemba za mvuke zisizo na maji ya kutosha ndani, nukta kali ikigonga 110. Maji kidogo tu, ndani ya bamba lililofungwa, mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Katika hizo mbili za mwisho, waliolifichua tatizo walikuwa watu wenye kadi mezani na kipimajoto.

Huku kwetu hakuna wa kumrudishia. Udhamini uliisha kwa mtu wa kwanza, na kadi ikishavuka Kasumbalesa haina baba wala mama.

Jumanne, Agosti 26

Pedi laini za milimita 1.0: hakuna mjini. Nimezunguka maduka yote ninayoyajua, na wenzangu watatu wameuliza kwao. Kuna 1.5 tele, na kuna 0.5 za kompyuta za mkononi. Kuagiza ni wiki tano, kama bahati ipo.

Ijumaa, Agosti 29

Nusu milimita ya pedi laini, na nusu milimita ya shaba chini yake. Jumla 1.0. Pedi itabonyea ili kufidia tofauti ndogo za urefu, shaba itapitisha joto bila kunung'unika. Kuweka shaba tupu ya milimita nzima nilikataa, kwa sababu shaba haibonyei: kipande kimoja kikizidi kidogo, umerudi pale pale kwenye kipoza kilichoinuliwa.

Na shaba, jamani, katika mji huu! Tanuri la kwanza la shaba liliwaka hapa mwaka 1911, na mababu walimimina shaba kwenye kalibu kupata misalaba waliyoitumia kama pesa karne nyingi kabla ya hapo. Kila siku malori yanaitoa kupitia Kasumbalesa ikiwa mabamba mekundu. Inarudi kwa njia ile ile ikiwa mabomba membamba ndani ya kadi ya mtumba.

Nimekwenda kwa papa mmoja, yaani mzee, anayefua picha za shaba, zile za mama anayetwanga na za simba, ambazo wageni wananunua. Ana umri wa baba yangu. Nilimwonyesha kadi, akaishika kwa kingo bila kuambiwa, akaiangalia muda mrefu. Nikamwambia nataka vipande 36 vya milimita 12 kwa 12, unene nusu milimita. Thelathini vya kutumia, sita vya akiba.

"Nusu ya nini?" akauliza. Nikamwonyesha kalipa. Akaitazama kama mtu anavyotazama kijiko cha dawa, akachukua bati la shaba kwenye rundo, akalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. "Hii hapa njo nusu." Nikapima: 0.51. Nikafunga mdomo.

Bati lilikuwa limejipinda, kwa hiyo kila kipande alipokikata kwa mkasi wa bati alikilaza kwenye fuawe na kukipiga nyundo mara tatu nne kukinyoosha. Nilipenda mlio ule. Ningejua, ningemzuia.

Jumanne, Septemba 2

Tumepima vipande vyote 36, kila kimoja pembe nne. Nyundo imeacha historia yake kwenye kila kipande: pale alipopiga sana pamekonda, pembeni pamevimba. Kimoja kina 0.46, kingine 0.58.

Tulijiwekea mpaka kabla ya kupima, tukauandika ukutani ili tusije tukausogeza: 0.47 hadi 0.53. Nje ya hapo ni takataka. Saba vimetoka nje. Thelathini na sita toa saba, ishirini na tisa.

Ninahitaji thelathini.

Stajeri hakusema kitu. Aliviweka vile saba kwenye kopo la maziwa ya unga na kuandika juu yake "hapana".

Ijumaa, Septemba 5

Kadi 2 na 3 zimefungwa. Kila kipande tulikipitisha tupa kwenye kingo nne, utando mwembamba wa pate chini, pedi ya 0.5 juu, na utepe wa rangi ya asali usioungua kuzunguka, ili shaba isiguse kapasita, vile vipande vidogo vya umeme vilivyo jirani.

Namba 2: chipu 72, nukta kali 85. Nilisimama. Tuliiendesha mara tatu kabla sijaamini.

Jumamosi, Septemba 6

Namba 7 nusura itutoke. Nilibonyeza swichi, feni zikatikisika nusu mzunguko, kimya. Ugavi wa umeme ukatoa mlio mdogo wa kujifunga. Nikabonyeza tena kama mpumbavu, ikawa vile vile. Kufungua, kutazama kwa miwani ya kukuza: kwenye kona ya kipande kimoja palibaki unywele wa shaba, mfupi kuliko kope, tupa iliuruka, ukatoboa utepe na kuilalia kapasita. Multimita, kile kipimo cha umeme, ikalia ilipoguswa. Tukautoa, tukasugua upya, tukarudisha. Kadi imewaka, 73 na 86. Bahati peke yake.

Tangu sasa kila kadi inapimwa kwa multimita kabla ya kuonja umeme. Tungeanza hivyo.

Jumanne, Septemba 9

Namba 8 iko sawa. Imebaki namba 11, na vipande vitano.

Nimekwenda kwa papa wa shaba. Mlango umefungwa. Jirani anasema amekwenda Likasi kwenye kilio, hajui atarudi lini. Mama wa studio amepiga simu mara mbili leo, ana harusi nne mwezi huu. Saa mbili usiku, stajeri ameshakwenda kwao, nikafungua kopo la maziwa na kuchagua kile cha 0.58. Kimezidi kwa 0.05 tu, nikajiambia. Pedi itabonyea. Namba 11 itakuwa ya akiba, ndani ya boksi, pengine haitaguswa kabisa.

Nikafunga. Chipu 74, nukta kali 93. Pengo la 19.

Inafanya kazi. Haijipunguzi kasi. Picha safi. Ingepita ukaguzi wowote.

Jumatano, Septemba 10

Stajeri amelihesabu kopo: vipo sita. Ameniangalia, kisha akachukua wino mwekundu na kuandika kwenye boksi la namba 11: "0.58". Hatujalizungumza.

Jumamosi, Septemba 13

Namba 5 ilikuwa jambo dogo. Pedi zake ni za kijivu, unene sahihi, ila skrubu moja kati ya nne ilikuwa imelegea na ya mkabala wake imekazwa hadi mwisho, pate yote imekimbilia upande mmoja. Tumekaza kwa msalaba, nusu mzunguko kila moja kwa zamu, na sasa ni 72 na 85. Mtu fulani kwenye mstari wa kiwanda alikuwa amechoka.

Namba 10 imekufa, na sitaioka. Nasema hivyo kwa sababu mafundi wawili wamenishauri niitie kwenye oveni ya mikate, digrii 200, dakika kumi. Lehemu isiyo na madini ya risasi, ile ambayo viwanda vingi viliihamia baada ya sheria ya Ulaya ya Julai 2006, huanza kuyeyuka kwenye 217 hivi. Kwa 200 hujayeyusha chochote. Umekivimbisha kiungio kilichopasuka kikagusana tena kwa wiki mbili, umuuzie mtu, kisha akutafute. Na oveni ile baadaye inaoka mikate ya watoto. Nimeing'oa feni na kipoza, vilivyobaki ni vipuri.

Jumamosi, Septemba 20

Kadi 11 zimekesha, kila moja saa 8 kwa mzigo. Umeme ulikatika mara tano katika wiki mbili, na kila ulipokatika tulianza saa 8 upya, ndiyo maana nina macho mekundu. Vifaa vya elektroniki hufa zaidi vikiwa vichanga au vikiwa vizee, kwa hiyo kifo kama kipo nakitaka kitokee kwangu, si kwa mama wa watu Jumamosi ya harusi. Hakuna iliyokufa.

Ukitoa joto la chumba, 2, 3, 7 na 8 hazitofautiani na zile ambazo hatukuwahi kuzigusa. Stajeri alichanganya karatasi za vipimo, akaniambia nizitambue zenye shaba. Nilipatia moja kati ya nne.

Namba 11 niliitambua mara moja.

Alhamisi, Oktoba 2

Kompyuta nane zimewashwa studio. Saa nane mchana, chumba digrii 32, madirisha wazi, vumbi jekundu juu ya kila kitu. Nukta kali ya juu kuliko zote: 95. Mama amekaa nyuma ya skrini moja anaangalia bibi harusi akishuka kwenye gari, mbele, nyuma, mbele, nyuma, bila kukwama. Ameuliza akiba ziko wapi. Nimempa mbili, nikamwambia ya tatu bado iko kwangu.

"Iko na shida?"

"Iko na shida ndogo, mama."

"Basi isikuye hapa."

Jumamosi, Oktoba 4

Papa wa shaba amerudi. Nimempa pole ya msiba, tumekaa kidogo, kisha nimemwomba kipande.

"Kimoja tu?"

"Kimoja tu, papa. Na nyundo uiache, nitakinyoosha mwenyewe kati ya vibao viwili."

Akacheka, akakata. Pembe tatu 0.50, ya nne 0.51. Amekataa pesa, nimemwachia kadi namba 10, anasema ataifanyia kitu ukutani. Usiku, chumba 28, namba 11 ina chipu 76 na nukta kali 89. Stajeri amekata ile "0.58" kwa mstari mmoja, chini yake akaandika "0.50", na tarehe.